Nani Ainame Chini ya Meza

Ukitaka kujua kama meza ya kompyuta ilipangwa na mtu anayeitumia au na mtu aliyeiuza tu, usiitazame juu. Piga goti uchungulie chini yake. Utaikuta ekstensheni imelala sakafuni, taa yake nyekundu ikiwaka katikati ya vumbi, chaja tatu zimebanana juu yake, moja nene imeziba tundu la jirani. Utaona pia waya mmoja uliozunguka mguu wa meza, na hakuna anayethubutu kuuchomoa kwa kuwa hakuna anayejua unakwenda wapi. Mwenye meza atakwambia kila kitu kinafanya kazi. Ni kweli, kinafanya kazi. Ila muulize jana aliinama mara ngapi.

Mimi nimeinama vya kutosha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa steshenari, Dar es Salaam, upande wa Ubungo, karibu na vyuo, wakati simu za kugusa ndiyo kwanza zinaenea mikononi mwa wanafunzi na chaji ya asubuhi haifiki saa tisa alasiri. Duka lilikuwa chumba kimoja: mashine ya kudurufu, printa ya leza, mashine ya lamination, rafu ya madaftari, na meza moja ya kompyuta ambayo ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Kazi zenyewe mnazijua. Kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi za vyeti, kuskani, kubaindi tasnifu, kupunguza ukubwa wa picha za pasipoti, kujaza fomu mtandaoni kwa niaba ya watu ambao nywila zao wameziandika nyuma ya daftari la mtoto.

Kompyuta ilikuwa ya mtumba. Boksi lake, ambalo sote tuliliita CPU bila kujali mafundi wanasemaje, lilikaa sakafuni kulia kwa miguu yangu kwa sababu meza haikuwa na nafasi. Matundu mawili ya USB yalikuwa mbele ya boksi, usawa wa kifundo cha mguu. Mengine manne yalikuwa nyuma, yakitazama ukuta. Hayo ya nyuma tulikuwa tumeyakatia tamaa.

Kila mteja alikuja na flashi, na kila flashi ilikuwa safari ya kwenda chini. Unaichomeka haiingii. Unaigeuza, haiingii. Unaigeuza tena kama ilivyokuwa mwanzo, inaingia. Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyekuwa miongoni mwa waliobuni USB ile ya 1996, aliwahi kueleza hadharani kwamba walijua kero hiyo, lakini plagi ya kuingia pande zote mbili ingehitaji nyaya na sakiti maradufu, na gharama ingepanda vivyo hivyo. Walichagua urahisi wa bei. Ilibidi dunia ingoje hadi 2014 ndipo ikaja ile ya aina ya C isiyo na juu wala chini. Miaka kumi na minane ya kugeuzageuza, na sisi wengine tukiyafanya hayo huku kichwa kiko chini ya meza.

Flashi zilinichosha mgongo, lakini chaji ndiyo iliyonifundisha adabu.

"Kaka, samahani, naomba kuchaji kidogo. Imebaki asilimia mbili." Sentensi hiyo niliisikia kabla ya chai ya saa nne na baada yake, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Mama mwenye duka hakutaka tutoze pesa. Watu wengi wa biashara walimshangaa, maana kwingine kuchaji simu ni biashara kamili yenye kibanda chake na bei yake. Yeye alikuwa na hesabu nyingine. "Mwanangu," aliniambia, "mtu anayechaji anakaa. Akikaa anakumbuka kwamba hajatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa." Hakukosea. Hata kwa umeme hakuwa na hasara ya kusema. Betri ya simu ya leo ya milliampea-saa 5,000 inabeba wati-saa kama 19. Ukiongeza kinachopotea njiani kwa joto, tuseme unavuta 25 kutoka ukutani. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo inazijaza simu arobaini kutoka sifuri. Simu za wakati ule betri zake zilikuwa ndogo zaidi. Pasi ya nguo ikiwaka dakika chache inazidi simu zote za foleni nzima.

Basi tatizo halikuwa umeme. Tatizo lilikuwa mahali ulipotokea.

Mwanafunzi akitaka kuchaji ilimbidi azunguke kaunta, apite nyuma ya kiti changu, achutame kati ya goti langu na ukuta, atafute tundu kwa vidole. Wavulana walifanya hivyo bila kujali. Wasichana wengi walinyoosha mkono wanipe simu nichomeke mimi, nami ningelifanya hivyo hivyo kama ningekuwa wao. Siku moja alikuja mwalimu mstaafu, mteja wetu wa barua za mafao, mtu wa suruali yenye mkunjo na kalamu mbili mfukoni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, hamjambo hapa?" Akaomba chaji, na kabla sijanyanyuka alikuwa ameshashika ukingo wa meza anashuka taratibu, goti moja kwanza, kisha akasita katikati, hawezi kwenda chini wala kurudi juu. Nilimshika mkono. Alicheka, akasema magoti yake yamestaafu kabla yake. Aliyasema kwa utani ili mimi nisione haya.

Tangu siku ile nimekuwa nikiiangalia meza yoyote kwa swali moja: hapa nani anainama? Kuomba chaji tayari ni kujishusha kidogo mbele ya mtu usiyemjua. Umeme ukiwa sakafuni, unamshusha mara ya pili, na safari hii kwa mwili wake.

Na akishachutama anapata nini? Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa milliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Tena hazitolewi hivi hivi. Kifaa kinaanza na milliampea 100, kinajitambulisha kwa kompyuta, kinaomba, kinakubaliwa, ndipo kinapewa 500. Simu hiyo hiyo kwenye chaja ya ukutani ya ampea 2 ingepata wati 10. Ndiyo maana mtu alikuwa anakaa nusu saa huku anaperuzi, anachomoa, anaangalia, na asilimia zimetoka mbili zimekuwa sita. Wengi waliamini kompyuta yetu ni mbovu. Haikuwa mbovu. Matundu yale yalibuniwa kwa ajili ya kipanya na kibodi, si kwa ajili ya kulisha simu zenye njaa.

Kwa hiyo wajanja walikwenda ukutani. Soketi yetu iliyobaki wazi ilikuwa nyuma ya mashine ya kudurufu, nayo ni ya matundu matatu, ile ya Kiingereza iliyopangwa kwa viwango vya 1947, ambayo pini ndefu ya juu ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Chaja nyingi za simu zilikuja na pini mbili. Kila Mtanzania anajua dawa yake: unachukua kofia ya kalamu, unachokonoa tundu la juu, vizuizi vinafunguka, unasukuma pini mbili ziingie. Vizuizi vile viliwekwa makusudi ili mtoto asiingize kitu. Sisi watu wazima tulikuwa tunaingiza kitu mchana kutwa, mlango ukiwa wazi na foleni ikitutazama.

Mama mwenye duka akaenda Kariakoo akarudi na habu ya matundu manne, ndogo, nyeupe, ya bei ya kawaida. Aliiweka juu ya meza mwenyewe, chini ya skrini, karibu na kipanya. Kwa siku chache tulijiona tumefika. Flashi zinaingia juu ya meza, mgongo umenyooka, hakuna wa kuchutama.

Kisha mhadhiri mmoja akaja na diski yake ya nje, kazi zake za miaka zikiwa humo, akitaka tuchapishe sura mbili. Tukaichomeka kwenye habu iliyokuwa na simu mbili zinachaji. Ikalia tik, tik, tik, ikaonekana kwenye skrini, ikapotea, ikaonekana tena. Uso wa mhadhiri ulibadilika rangi. Nilizichomoa simu, diski ikatulia, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza mafundi maswali ambayo walidhani ni ya kitoto. Habu ile haikuwa na umeme wake. Ilikuwa inachukua zile milliampea 500 za tundu moja la CPU na kuzigawa kwa matundu manne. Kuongeza mikono kwenye sinia hakuongezi wali. Kwa kanuni, habu ya namna hiyo inaweza kuahidi milliampea 100 tu kwa kila tundu, na diski ya kuzunguka inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji kukaribia ampea nzima. Sauti ile ya tik tik ilikuwa diski ikijaribu kunyanyuka, inashindwa, inaanza upya. Hatukupoteza kitu, lakini mhadhiri hakuiacha tena diski yake iguswe na mtu.

Dawa ilikuwa habu yenye adapta yake ya kuchomekwa ukutani, volti 5 na ampea 4, yaani wati 20 za kugawana badala ya 2.5. Tukainunua. Hapo matatizo ya umeme yakaisha, yakabaki ya watu, ambayo hayatatuliwi na adapta.

Habu ilikuwa bado chini ya skrini. Simu za wateja zikawa zinalala juu ya karatasi zangu, nyaya zinapita juu ya kibodi, simu inatetemeka nikiwa katikati ya kuhesabu kurasa. Mtu anakuja kuchukua ya kwake, anachukua ya mwenzake, tunakimbizana hadi kituo cha daladala. Lakini hayo ni madogo. Habu yenye umeme wake ilibaki habu: bado ilikuwa imeunganishwa na kompyuta, na simu ikichomekwa pale haichaji tu, inazungumza. Siku moja binti mmoja alichomeka simu yake ili apate chaji, akabonyeza kukubali ujumbe uliotokea kwenye simu bila kuusoma, kama tunavyofanya wote. Kompyuta ikadhani imepewa kazi. Dirisha likafunguka, picha zake zikaanza kujipanga kwenye skrini moja baada ya nyingine, za familia, za chuo, na nyingine ambazo hazikuwa za watu wa foleni. Nilizima skrini kwa kiganja cha mkono. Hakusema neno. Alichomoa simu akaondoka, na sikumwona tena dukani.

Hilo ndilo ninaloshika zaidi kuliko wati na ampea: tundu la kupitisha data na tundu la kuchajia ni vitu viwili, hata kama yana umbo moja. La data ni la mwenye meza. La kuchajia tu ni la mgeni. Ukiyachanganya sehemu moja, mgeni anaingia chumbani kwako na wewe unaingia chumbani kwake, na hakuna aliyebisha hodi.

Nilimwomba mama tununue chaja ya matundu sita isiyounganishwa na kompyuta yoyote, tukaifunga kwa skrubu upande wa nje wa kaunta, chini kidogo ya ukingo, ikiwatazama wateja. Habu ikabaki kwangu kwa flashi. Gharama ya chaja hiyo ilikuwa ndogo kuliko rimu chache za karatasi. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba watu waliacha kuomba. Walikuwa wanaingia, wanayaona matundu, wanachomeka, wanasimama pembeni ya simu zao wenyewe, mikono imeegemea kaunta. Ile "samahani kaka" ikatoweka dukani. Hakuna aliyenikabidhi simu, kwa hiyo hakuna simu iliyopotea mikononi mwangu. Vijana wa bodaboda wa kituo cha jirani nao wakagundua, wakawa wanakuja wasio na kopi wala barua. Nilidhani mama atang'aka. Akaleta benchi. Mwezi haukuisha, bodaboda wale wale ndio waliokuwa wanatuletea abiria wenye haraka ya kuchapa mikataba ya kupanga nyumba.

Benchi lile na ile chaja ya skrubu vingeweza kuandikiwa sura nzima ya kitabu cha biashara, lakini nawaachia wenye vitabu vya biashara.

Siku hizi nafanya kazi nyumbani, nahariri maandishi ya watu na kuwapangia vitabu vyao vya hesabu. Nilipopata uwezo wa kutengenezesha meza yangu mwenyewe nilikwenda Keko, kwa mafundi seremala, nikachagua mbao ya mninga. Fundi aliniuliza urefu, upana na droo ngapi. Nikamwambia kwanza tuongee kuhusu umeme. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia akitafuta duka la nyaya.

Nyumba zetu nyingi zimeweka soketi karibu na sakafu, na hakuna anayejua kwa nini zaidi ya kwamba ndivyo fundi wa awali alivyozoea. Wenyewe Waingereza, ambao soketi hizi tumezirithi kwao, tangu 1999 mwongozo wao wa nyumba mpya unataka soketi ziwe kati ya milimita 450 na 1,200 kutoka sakafuni, ili mzee na mtu wa kiti cha magurudumu wazifikie. Sisi tumebaki na pini zao, magoti hatujayafikiria. Kwa meza yangu niliamua ekstensheni zisiguse sakafu kabisa. Zimefungwa chini ya ubao wa meza, upande wa nyuma, zimelala kifudifudi, na nyaya zao tu ndizo zinazoshuka. Ukifagia, unafagia. Ukimwaga maji, yanakwenda mlangoni.

Kuhusu kebo, watu hudhani tundu likiwa mbali dawa ni kebo ndefu. Nyaya nyembamba zilizomo kwenye kebo za bei rahisi zina ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi. Kwa hiyo kebo ya mita mbili ni mita nne za waya, omu 0.85 hivi. Simu ikivuta ampea moja, volti 0.85 zinapotelea njiani, na volti 5 zilizotoka zinafika zikiwa 4.15. Simu inaona umeme umelegea, inapunguza kuvuta, na wewe unalaumu chaja. Kebo fupi na nene ya nusu mita haina hadithi hiyo. Ila kebo ya nusu mita inataka tundu liwe karibu na mkono, na hapo tunarudi pale pale.

Karibu na mkono upi? Mimi natumia kipanya kwa mkono wa kulia, hivyo nilitaka matundu ya kuchajia kushoto, umbali wa kiganja na kiwiko, mahali mkono unapopumzika bila kutumwa. Mke wangu naye anaitumia meza hiyo jioni kusahihisha mitihani, na yeye ni mashoto. Kwake kushoto ndiko kalamu nyekundu inakofanyia kazi. Tulibishana kwa raha kwa muda. Tukakubaliana matundu yakae upande mfupi wa meza, ule unaotazama mlango, ambako hakuna kazi ya mkono wowote, na mtu anayeingia kusalimia anaweza kuchomeka simu bila kupita nyuma ya aliyekaa. Mama mkwe akija hana haja ya kuuliza. Hili nililibeba kutoka Ubungo.

Pia nilikataa matundu yanayotazama juu, yale ya kifuniko yanayopendwa sana kwenye ofisi mpya. Tundu linalotazama juu linakusanya vumbi, makombo ya maandazi na, siku ikifika, chai. Yangu yapo chini ya ukingo, yamerudi ndani kama upana wa vidole vinne ili goti lisiyagonge, yanatazama nje kidogo. Kebo inaning'inia yenyewe. Kidole kinalipata tundu bila macho, na kwa kuwa mengi sasa ni ya aina ya C, hakuna kugeuza.

Lipo jambo la kukatika kwa umeme, ambalo watengenezaji wa meza za majarida ya nje hawalifikirii. Kwangu ekstensheni zipo mbili. Moja imepita kwenye UPS, nyingine imekwenda ukutani moja kwa moja. Printa ya leza haikai kwenye UPS hata siku moja, maana inapopasha moto ile roli ya kugandisha wino inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo inapiga kelele kisha inazima kila kitu. Lakini ruta na matundu ya kuchajia simu yapo kwenye UPS. UPS ambayo kwa kompyuta na skrini ingeishiwa baada ya dakika chache, kwa ruta na simu peke yake inavumilia kwa muda mrefu, na umeme ukikatika wakati nahitaji kumtumia mtu faili, simu ndiyo inayofanya kazi. Umeme ukiwepo hakuna anayejua tofauti ya matundu hayo. Ukikatika, nyumba nzima inahamia kwenye upande mfupi wa meza.

Mabishano makubwa na fundi yalikuwa mwishoni. Yeye alitaka kupachika kabisa kifaa cha matundu ndani ya mninga, akichongee nafasi yake, akigundishe, kionekane kimezaliwa na mbao. Alikuwa ameshawafanyia wengi, na vinapendeza, vina taa ya bluu. Nikamwambia mninga utaishi kuliko sisi wawili, lakini tundu lile halitafika hata utu uzima wa mtoto wangu. Nimeona meza ya mikutano katika ofisi moja mjini, ndefu, ya gharama, yenye masanduku ya umeme yaliyozama katikati yake. Yote ni ya USB ya zamani ya wati chache, na kompyuta mpakato za watu wanaoikalia zinachajiwa kwa aina ya C na zinataka wati 65. Kwa hiyo juu ya meza ile ya fahari pamelazwa ekstensheni nyeupe, kutoka kichwani hadi miguuni, na wanaokaa katikati wanaiinua ili wafungue mafaili. Kanuni ya kugawa umeme kwa USB ilifika wati 100 mwaka 2012, ikafika 240 mwaka 2021. Umoja wa Ulaya umelazimisha aina ya C kwenye simu mpya tangu mwisho wa 2024, kompyuta mpakato zikifuata 2026. Hakuna seremala anayeweza kukimbizana na mambo hayo kwa patasi.

"Sasa kaka, nikutobolee tundu tupu?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, tundu tupu la duara, na kifaa chenyewe nitakifunga kwa kibano chini ya ukingo, nikikibadilisha siku nikitaka. Akauliza duara la ukubwa gani. Nilimpa plagi ya pini tatu, nikamwambia hiyo ipite nzima bila kukatwa waya. Akaipima kwa rula, ikawa karibu sentimita tano, akaongeza kidogo, akaandika 60 kwa penseli kwenye mbao yenyewe. Bado anaitumia namba hiyo kwa meza zote za kompyuta anazotengeneza, ingawa ananiambia wateja wake wengi wakifika wanauliza kwanza kwa nini hajaweka ile yenye taa ya bluu.